Safari ya Ndovu na Ujira wa Dereva



Mmesikia kwamba tawi letu linapanga safari ya kwenda Tsavo Mashariki kuwatazama ndovu. Majina kumi na nane yamekwisha andikwa na michango imeanza kukusanywa. Jambo hili ni jema, na sisi wa karakana tuliliunga mkono tangu siku ya kwanza. Lakini katika mkutano uliopita lilitokea neno ambalo hatuwezi kulinyamazia, na kwa kuwa muda ulikwisha kabla ya zamu yetu ya kusema, twalisema hapa.

Ndugu mmoja alileta bei mbili. Ya kwanza ni ya magari matatu ya Land Cruiser, watu sita kila gari, na kila gari lina dereva ambaye pia ni kiongozi wa safari mwenye leseni. Bei ya pili ilikuwa karibu nusu ya hiyo. Tulipouliza nusu nyingine imekwenda wapi, tulijibiwa waziwazi. Dereva wa bei ya pili halipwi mshahara, atategemea bakshishi yetu. Usiku atalala ndani ya gari. Na kiongozi hakuna, kwani ndovu ni mkubwa, hata mwenye chongo atamwona. Watu wakacheka, na wengine wakapiga makofi. Makofi hayo, ndugu, yalipigwa katika chumba cha chama cha wafanya kazi.

Sisi hatukupiga.

Wako wanaosema kwamba kwanza safari yenyewe ni upuuzi, kwa maana ndovu twawaona bure kutoka kwenye behewa. Ni kweli twawaona. Reli ya zamani, na ile mpya iliyofunguliwa 2017, zote zapita katika nchi ya ndovu kati ya Voi na Mtito Andei. Katika reli mpya zilitengenezwa njia za wanyama kupita chini ya tuta, na ndovu wanazitumia. Lakini ndovu wa dirishani ni ndovu wa nukta tatu: ukimwita mwenzako atazame, amekwisha pita. Na mtu wa gengi amjua ndovu kwa namna moja tu, nayo ni kutupa sururu na kukimbia. Watu hutoka Ujerumani na Marekani kuja kumtazama mnyama huyu kwa utulivu, nasi tuliokaa naye miaka yote hatujapata hata saa moja ya kumtazama anywe maji. Kwa hiyo safari iendelee. Juu ya hilo hatuna ugomvi.

Ugomvi wetu ni juu ya yule atakayeshika usukani.

Kiongozi wa kweli hana kazi ya kunyosha kidole tu. Lango la Voi likifunguliwa saa kumi na mbili asubuhi, yeye amekwisha jua upepo watoka wapi, maana ndovu haoni mbali lakini pua yake ni kali mno. Ajua kama bwawa la Aruba lina maji mwaka huu au limekauka, kwani hukauka. Na likikauka ajua ni njia gani ya kuelekea mto Galana, ambao una maji mwaka mzima. Atazama kinyesi njiani kama ni kibichi. Ajua kwamba kundi laongozwa na jike mzee, na kwamba jike huyo akisimama na kutandaza masikio, ni yeye wa kuangaliwa, wala si yule mtoto ambaye ninyi mnampiga picha. Ajua kwamba dume mwenye majimaji yatiririkayo kati ya jicho na sikio hataki mzaha, na humpa njia mapema. Haegeshi gari kati ya mama na mtoto. Akisimama, asimama mahali awezapo kuondoka bila kurudi nyuma.

Tena ndovu wa Tsavo, hao wekundu kwa vumbi la udongo wao, wana sababu ya kutopenda gari. Katika miaka ya 1970 na 1980 waliuawa kwa maelfu kwa ajili ya pembe. Jike mwenye miaka hamsini leo alikuwa mtoto wakati huo, akakimbia nyuma ya mama yake huku bunduki zikilia. Biashara ya pembe kati ya nchi na nchi ilipigwa marufuku 1989, mwaka ule ule serikali yetu ilipochoma tani 12 za pembe, na hesabu ya 2021 ilikuta ndovu 36,280 katika Kenya nzima. Wamerudi. Lakini mtu asiyejua habari hizi, aliyelala ndani ya gari na mwenye njaa, ndiye mnayetaka awapeleke karibu yao?

Na tuseme kwa lugha yetu ya reli. Dereva wa gari la moshi hapewi njia asiyoijua. Hupandishwa kwanza pamoja na aliyemtangulia, apite mchana, apite usiku, ajifunze kila mteremko na kila ishara, ndipo aachiwe. Kama kesho mkubwa mmoja angesema amepata mtu wa bei nafuu, asiyejua ishara lakini hataki mshahara, sote tungeweka vyombo chini kabla ya saa ya chai. Viongozi wa safari nao wana mitihani yao. Chama chao cha viongozi kiliundwa 1996, na hutoa beji ya shaba, kisha ya fedha, kisha ya dhahabu, na ya dhahabu wachache sana huipata. Mtu amesoma majina ya ndege kwa mamia na tabia za wanyama, kisha sisi tunaojiita wafanya kazi tunamwambia elimu yake haina bei!

Tukumbuke pia mahali tunapokwenda. Hapo Tsavo, katika mwaka 1898, simba wawili waliwala watu waliokuwa wakijenga daraja la reli. Wahindi walioliwa walihesabiwa, 28. Waafrika walioliwa hawakuhesabiwa, kwa sababu hakuna aliyeandika majina yao. Simba wale hata leo wamo katika jumba la makumbusho huko Chicago, ndani ya kioo, na watu hulipa kiingilio kuwatazama. Watu wetu hawana hata orodha. Basi mtu asiye katika karatasi ya mshahara ndivyo alivyo, hata akiumia hajulikani. Sheria ya fidia ya 2007 yamtaka tajiri amlipe mfanya kazi aliyeumia kazini. Lakini yule dereva wa bakshishi, gari lake likipinduliwa na ndovu, atasema tajiri wake ni nani? Yule mwenye gari atasema alimwazima tu. Sisi tutasema tulimpa bakshishi. Na mke wake atazunguka ofisi na cheti cha hospitali mkononi.

Mambo haya hatukuyasoma gazetini. Wengi wetu katika karakana tulianza kwa kontrakta mmoja wa njia ambaye hatumtaji. Tulifanya kibarua cha siku kwa siku zaidi ya mwaka, ingawa Sheria ya Ajira ya 2007 yasema kibarua akimaliza mwezi mfululizo ahesabiwe mtu wa mshahara wa mwezi, na apate siku moja ya kupumzika katika kila siku saba. Kila Jumamosi tulipanga mstari tusijue kama tutalipwa siku tano au nne. Shule ya misheni ilitufundisha kwamba ujira wa kibarua haufai kulala kwa tajiri hata usiku mmoja. Kwa kontrakta yule ulilala hadi ukazeeka. Ni chama kilichotutoa hapo. Sasa tukiwa na shilingi mbili mfukoni, nasi tumekuwa kontrakta?

Tazameni hali ya madereva hawa. Wageni wakija Julai hadi Oktoba, hukaa usukani kutoka alfajiri hadi giza. Mvua ya Aprili na Mei ikinyesha, wengi huambiwa wakae nyumbani bila senti. Mwaka 2020, ndege za abiria kutoka nje ziliposimamishwa kwa ajili ya korona, wengi walikaa miezi mingi hivyo hivyo. Mtu wa namna hiyo akiletewa bei mbaya ataikubali. Kukubali kwake si haki, ni njaa. Mgomo mkuu wa Mombasa wa 1947 ulikuwa na nguvu kwa sababu watu wa bandari, wa reli, wa mahoteli na hata watumishi wa majumbani waliona njaa yao ni moja.

Twajua jibu litakuwaje: fedha zetu ni haba. Ni haba kweli, nasi tunazihesabu kama ninyi. Basi tupunguze kwetu, tusipunguze kwake. Ndugu mmoja ametaka twende Aprili kwa kuwa ni rahisi. Hapana, wakati huo nyasi ni ndefu, maji yako kila mahali na ndovu wametawanyika, tutalipa kidogo tuone kidogo. Twende Septemba. Magari tuyakodi Voi, si Mombasa, na sisi wenyewe tupande gari la moshi hadi Voi kama ilivyo kazi yetu. Tulale nyumba za wageni za mjini badala ya hoteli za ndani ya mbuga. Badala ya siku mbili tuingie siku moja nzima, tangu lango kufunguliwa hadi saa kumi na mbili jioni, ili kiingilio kilipwe mara moja. Kiingilio chenyewe hulipwa mbele kwa mtandao wa serikali, langoni hawapokei fedha taslimu, kwa hiyo mwenye kuchelewa na mchango atawachelewesha wote. Chakula tupike na tubebe. Tumepiga hesabu hiyo mara mbili, na bei ya kwanza inafikika, hata ukiweka ndani chakula cha dereva na kitanda chake katika nyumba ile ile tutakayolala sisi.

Bakshishi tutoe pia, kama alivyo desturi mtu aliyefurahi. Lakini iwe juu ya mshahara.

Katika mkutano ujao tutatoa hoja kwamba tawi lisikodi gari lolote mpaka mwenye gari aonyeshe leseni ya kiongozi, na aandike katika mkataba ujira wa dereva kwa siku. Twaomba ipigiwe kura ya mikono, si ya makofi. Mwenye bei nyingine ailete kwa katibu kwa maandishi kabla ya siku hiyo, na jina la dereva liwemo.