Kosa la Kiwandani au Jeraha la Safari?

"Mjomba, tumetajirika!"

Hayo ndiyo maneno niliyopokewa nayo nilipofika kwetu Tarasaa, baada ya mafuriko ya Mto Tana ya mwishoni mwa 2023. Mpwa wangu, mwanafunzi wa sekondari, alikuwa akimsaidia nyanyake kusafisha nyumba alipofukua mkebe wa sarafu kuukuu matopeni. Mtu fulani alimwambia kwa simu kwamba sarafu zenye "kosa la kiwandani" huuzwa kwa maelfu. Sharti lilikuwa moja tu: atume kwanza shilingi 5,000 za usajili. Mbuzi wa karo alikuwa tayari ameshatafutiwa mnunuzi.

Nilimwambia, "Mwanangu, mbuzi na angoje. Leta mkebe na lenzi."

Mpenzi msomaji, makosa ya kiwandani yapo, tena ya kweli. Mwaka 2008 kiwanda cha Royal Mint cha Uingereza kilitoa sarafu za peni 20 zisizo na mwaka hata upande mmoja. Muundo mpya ulihamisha mwaka kutoka nyuma kwenda upande wa kichwa cha Malkia, lakini muhuri wa zamani wa kichwa ukatumiwa pamoja na muhuri mpya wa nyuma. Wakusanyaji huzinunua kwa bei inayozidi peni 20 mara nyingi.

Lakini si kila chongo ni la kuzaliwa nalo. Kosa la kweli hutokea kabla au wakati ule ule kipande cha madini kinapobanwa kati ya mihuri miwili. Linalotokea baada ya hapo ni jeraha tu. Basi swali la kujiuliza ni hili: madini yamekwenda wapi?

Tulianza na senti 10 ya Afrika Mashariki, yenye tundu katikati. "Hii imetobolewa kimakosa," akasema mpwa wangu. Nyanyake akaangua kicheko. Tundu hilo lilikuwa ndiyo desturi ya senti 5 na senti 10 za enzi ya ukoloni. Yeye utotoni alizitunga kwenye kamba. Tundu la kiwandani lina ukingo laini, na maandishi yamepangwa kulizunguka. Tundu la msumari hukata maandishi, na upande wa pili huacha madini yamefura.

Herufi zake zilikuwa zimelika nusu, zina kutu ya kijani. Je, muhuri haukubana vizuri? La. Muhuri ukikosa nguvu, uso hubaki laini, umefifia tu. Uso wa hii ulikuwa na vishimo-vishimo. Hiyo ni kazi ya matope na maji.

Ya pili ilikuwa shilingi ya 1952 yenye herufi ndogo KN. Hizo nazo si kosa. Ni alama ya kiwanda cha King's Norton cha Birmingham, kama vile H ilivyo ya Heaton wa mji huo huo, na SA ya Pretoria.

Ya tatu ndiyo iliyomtia mpwa wangu wazimu: shilingi ya Kenya ya 1978 iliyokatika ukingoni. Kosa la namna hii lipo: mashine hukata kipande kilichopungua, kisha kikapigwa muhuri hivyo hivyo. Lakini hapo herufi zilizo karibu na pengo hufifia au kuvutika kulielekea, na mara nyingi ukingo wa upande wa pili, mkabala na pengo, huwa hafifu. Hii yetu herufi zilikatwa wima kama kwa kisu, ukingo wa mkabala ulikuwa imara, na palipokatika palionyesha michirizi ya tupa.

Mama akaichukua, akaigeuza kiganjani. "Hiyo aliipiga tupa baba yako," akaniambia. "Alikuwa akifungulia redio yake. Kwani nani aliwaambia nauza?"

Tukanyamaza wote wawili.

Kwa mwenye mkebe nyumbani, shika haya machache. Mstari uliovimba juu ya uso huweza kutokana na ufa wa muhuri. Mstari uliozama kwa kawaida ni mkwaruzo. Herufi zilizozama na kugeuka kama kwenye kioo, katika sarafu isiyo na kasoro nyingine, mara nyingi ni za sarafu mbili zilizobanwa pamoja kwenye jiliwa. Picha iliyokwenda kando na kuacha mwezi mtupu ni dalili njema, lakini linganisha na sarafu nzima ya aina hiyo hiyo, na uzipime zote mbili kwa mizani ya sonara. Usiisugue kwa mchanga wala ndimu, kwa maana utaiongezea jeraha jipya.

Na zaidi ya yote, mnunuzi wa kweli hutoa pesa, haombi. Anayetaka ada ya usajili kabla hajaiona sarafu hataki sarafu yako, anataka mbuzi wako.

Mbuzi wetu yupo, na muhula ulipofunguliwa ndiye aliyelipa karo. Ile shilingi ya 1978 imerudi mkebeni. Sokoni haina bei, na kwa mama haiuzwi.