Akija mtu na kamera: tujifunze kwa kazi ya Dieudo Hamadi



Mwishoni mwa mkutano wetu uliopita, mama mmoja alituuliza: "Mtu akija na kamera akiniomba nisimulie mateso yangu, nimjibu nini?" Hatukuwa na jibu la haraka. Tumeona vizuri kulitafuta katika kazi ya mtoto wa Kongo ambaye kwa zaidi ya miaka kumi anapiga filme za watu kama sisi.

Dieudo Hamadi alizaliwa Kisangani mwaka wa 1984. Alianza masomo ya udaktari, akayaacha, akashika kamera. Hana kampuni kubwa nyuma yake, na mara nyingi kamera anaishika yeye mwenyewe. Katika filme fupi ya mwaka wa 2010, aliyoifanya na mwenzake, alituonyesha mama waliojifungua katika hospitali ya uzazi ya Kinshasa, wanaozuiliwa wasirudi nyumbani mpaka deni lilipwe. Ni nani kati yetu asiyelijua jambo hilo?

Mwaka wa 2014 akatoa Examen d'État. Ni habari ya wanafunzi wa Kisangani wanaofukuzwa shuleni kwa kukosa primi ya walimu, wakajikusanya katika nyumba moja kujitayarisha kwa mtihani wa Serikali. Uzuri wa kazi yake uko hapo: hakuna sauti ya mwenye filme inayotufundisha la kufikiri. Anakaa na watu siku nyingi, mpaka wanaendelea na maisha yao kama kawaida. Hawafichi wanafunzi wanapotafuta njia za kona, wala hawachekeleI. Anatuachia sisi wazazi swali: nani amewafikisha hapo?

Mwaka wa 2017 ikaja Maman Colonelle, juu ya Mama Honorine Munyole, koloneli wa polisi anayelinda wanawake na watoto. Anatolewa Bukavu, anapelekwa Kisangani. Huko anakuta wanawake waliobakwa na kupoteza watu wao katika Vita vya Siku Sita, mwezi wa sita mwaka wa 2000, majeshi ya Uganda na Rwanda yalipopigana ndani ya mji. Anakuta pia watoto waliopigwa kwa kusingiziwa uchawi. Fedha hana, anasimama sokoni akiomba watu wachange. Tulimpenda sana mama huyu.

Lakini mapenzi yasitufumbe macho. Katika filme hiyo wanawake wanasimulia kubakwa kwao huku nyuso zao zinaonekana. Wengine watasema ni ushujaa, na ni kweli, aibu si yao. Hata hivyo, mwenye kamera anaondoka, na mama anabaki na majirani. Neno la pili: aliye mbele katika hadithi ni koloneli, na wale walioumia tunawaona zaidi kama watu wa kusaidiwa.

Tunadhani Hamadi mwenyewe aliliona hilo, kwa sababu filme ya mwaka wa 2020, En route vers le milliard, imegeuza mambo. Hapa walioumizwa na vita hivyo hivyo, wengine bila mguu au mkono, ndio wanaoongoza safari. Wanapanda mashua kubwa, wanashuka Mto Kongo mpaka Kinshasa kudai fidia. Mvua inawanyeshea njiani, wanajifunika turubai. Wakifika, milango ya wakubwa haifunguki. Katikati ya safari tunawaona jukwaani wakicheza tamthilia ya maisha yao. Hapo ni wao wanaochagua la kusema na la kuficha. Kwetu sisi, hiyo ndiyo filme yake bora.

Ilikuwa filme ya kwanza ya Kongo yetu kuingia katika orodha rasmi ya Cannes, Ufaransa. Tulifurahi, lakini tunauliza pia: wangapi kule Kisangani wameiona? Kazi inayopigiwa makofi Ulaya na isiyofika kwa wenye kidonda bado ina deni. Deni hilo si lake peke yake, maana nchini kwetu majumba ya sinema ni machache mno.

Na tusidhani filme huleta fidia. Kesi ya Kongo dhidi ya Uganda ilifunguliwa The Hague mwaka wa 1999. Mwaka wa 2022 mahakama ikaamuru Uganda ilipe dola milioni 325. Hukumu ilitoka kwa mawakili na ushahidi. Filme inafanya kazi nyingine: inazuia watu wasisahauliwe kabla haki haijafika.

Basi, mama uliyetuuliza, jibu letu ni hili. Akija mwenye kamera, muulize: Atakaa nawe muda gani? Utaiona kazi kabla wengine hawajaiona? Ukisema "hapa usionyeshe," atakubali? Akijibu vizuri, amua kwa moyo wako. Akianza kukukimbiza, mwambie arudi siku nyingine, nawe uje tuzungumze kwanza katika kikundi. Hadithi yako ni mali yako. Huna deni la kumpa mtu yeyote.

Tuonane juma lijalo.