Deni la Kila Mwezi na Njia ya Kulipunguza



Katika kurasa kama hizi husemwa mengi juu ya mishahara, vyeo na uhamisho, na ni haki yasemwe. Lakini liko jambo moja ambalo kila mtu wa ofisi analijua wala hapana apendaye kulitaja mbele ya wenziwe, nalo ni deni. Si deni la nyumba wala la ada ya mtoto tulilolikusudia leo, bali lile deni dogo lichukuliwalo tarehe 20, likalipwa siku ya mshahara, kisha likachukuliwa tena kabla ya mwezi mwingine kwisha.

Ni ajabu kwamba jambo hili limewashika hasa watu wa kazi yetu. Karani aweza kukaa ofisini hata jua kuchwa akitafuta shilingi 50 iliyopotea katika hesabu za serikali, wala hatulii mpaka pande zote mbili zimelingana. Mtu huyo huyo ukimwuliza jana ametumia fedha kiasi gani tangu asubuhi hata jioni, atacheka. Fedha za serikali zina daftari, zina hati, zina mkaguzi. Zake mwenyewe hazina hata kipande cha karatasi.

Wazee waliotutangulia katika kazi hii, wale walioanzisha chama chao huko Tanga mwaka 1922, hawakuwa na urahisi huu wa kukopa. Mwaka 1923 serikali ya Kiingereza iliweka sheria Tanganyika kwamba mdai asiye mwenyeji hawezi kumdai mwenyeji barazani, isipokuwa mkataba wa deni umekubaliwa kwa maandishi na ofisa wa serikali. Sheria ile ilikuwa ya kudharau watu, kwa maana ilimfanya mtu mzima kuwa kama mtoto asiyejua hesabu, na hatutamani irudi. Lakini tutazame jinsi mambo yalivyogeuka. Tangu mwaka 2008 fedha hapa Tanzania zimekuwa zikipita katika simu, na mikopo ikafuata nyuma yake. Kwa jirani zetu wa Kenya, mkopo wa M-Shwari ulioanza mwaka 2012 ulitozwa ada ya asilimia 7.5 kwa siku 30. Tarakimu hiyo yaonekana ndogo, lakini mwenye kuurudia mkopo huo kila mwezi kwa mwaka mzima amelipa ada ya asilimia 90. Mlango uliokuwa umefungwa kwa babu zetu, kwetu sisi hauna hata kizingiti.

Tena mikopo ya simu si mibaya kupita yote. Iko kanuni kwamba mtumishi wa umma asikatwe mshahara wake mpaka akabakiwa na kisichofika theluthi moja. Kanuni hii ni njema, lakini hesabu yake huona yale makato yanayopita katika karatasi ya mshahara tu. Mtu ambaye theluthi zake mbili zimekwisha kukatwa hukataliwa na benki, naye huenda kwa mkopeshaji wa mtaani, ambaye haulizi karatasi. Huyo hutaka kadi ya benki na namba ya siri. Siku ya mshahara yeye ndiye hufika benki wa kwanza, na mwenye mshahara huitwa baadaye kupewa masazo. Watu wameiita mikopo hiyo "kausha damu", na hatukuona jina linaloifaa zaidi. Mwaka 2018 ilitungwa Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha, iwatakayo wakopeshaji wawe na leseni, na ye yote anayekabidhi kadi yake kwa mtu asiye na leseni afahamu kwamba amemkabidhi mtu asiyeifuata sheria ile.

Sasa na tufanye hesabu, kwa kuwa ndiyo kazi tuijuayo. Tuseme mtu amekopa shilingi 100,000 kwa masharti ya kurudisha 130,000 siku ya mshahara. Analipa. Lakini kwa kuwa amelipa 130,000, mshahara hautoshi, na baada ya siku chache anakopa tena 100,000 ile ile. Kila mwezi zinamtoka shilingi 30,000, na kwa mwaka ni 360,000. Mwisho wa mwaka bado anadaiwa 100,000. Yaani ameinunua laki moja mara tatu na zaidi, wala haijawa yake.

Wengi husema, "Nitaliondoa deni hili lote siku nitakapopata fedha nyingi," wakingoja posho ya safari au malimbikizo. Fedha nyingi haziji, au zikija zimekwisha kupata wenyewe. Sisi twaona njia ni nyingine, nayo ni ndogo mno hata mtu aweza kuidharau: kila mwezi akope pungufu. Alipe 130,000 kama ada, lakini akirudi kukopa asichukue 100,000, achukue 90,000. Mwezi ule zimemtoka 40,000 badala ya 30,000. Mwezi wa pili riba ya 90,000 ni 27,000. Akitoa 40,000 zile zile, deni limeshuka hata 77,000. Mwezi wa tatu limefika 60,100, wa nne 38,130, wa tano 9,569, na mwezi wa sita anamaliza kwa shilingi 12,440. Jumla ametoa 212,440, na kadi yake imerudi mfukoni. Tofauti baina ya mtu huyu na yule wa kwanza ni shilingi 10,000 kwa mwezi, yaani 333 kwa siku. Mkopeshaji hahitaji kukubali neno lo lote, kwa kuwa hakuna awezaye kumlazimisha mtu akope zaidi ya apendavyo.

Zipatikane wapi hizo 333? Hapo ndipo linapoingia daftari. Mtu na anunue daftari dogo la shule, na kila jioni kabla ya kulala aandike kilichoingia, kilichotoka, na kwa sababu gani. Asijizuie kutumia kitu cho chote mwezi wa kwanza; aandike tu. Mwisho wa mwezi daftari litasema lenyewe. Litamwonyesha pikipiki aliyopanda kwa mwendo ambao baba yake angeucheka. Litamwonyesha bando la simu linunuliwalo kila siku, na ile chai ya saa nne yenye chapati mbili na maneno mengi. Litamwonyesha pia kwamba alitoa fedha kwa wakala mara kumi na mbili kwa vipande vidogo vidogo, na kila mara akakatwa ada, hali angaliweza kutoa mara mbili tu. Hatusemi mtu aache chai. (Chai ya saa nne ina faida zake, na shughuli nyingi za ofisi humalizwa hapo kuliko mezani.) Twasema ajue bei yake kwa mwezi, kisha achague.

Tena twapingana na wale wasemao kwamba mwenye deni asiweke akiba mpaka deni liishe. Kwa hesabu tupu wanasema kweli, maana fedha iliyolala haizai kama riba inavyokula. Lakini mtoto huugua tarehe 15, na mtu asiye na hata shilingi 5,000 kando atarudi kwa mkopeshaji usiku ule ule, na miezi mitatu ya jitihada itapotea. Kwa hiyo kidogo kiwekwe, siku ya mshahara yenyewe, kabla ya duka na kabla ya rafiki. Kiwekwe mahali penye usumbufu kukifikia, ama kwa mke au mume mwenye msimamo, ama katika chama cha akiba na mikopo, si katika simu ambayo kidole huifungua chenyewe. Na deni likiisha mwezi wa sita, zile 40,000 zisirudi sokoni. Mkono umekwisha kuzoea kuzitoa. Ziendelee kutoka kwa miezi sita mingine kuelekea akiba, na mwisho wa mwaka mtu ana 240,000 zake, ambazo aweza kujikopesha bila kumpa mtu kadi.

Liko neno gumu zaidi, nalo ni michango. Mshahara wa mtumishi hujulikana na ukoo mzima, na kadi za harusi humfikia kama barua za ofisi. Wengi wetu huahidi mbele za watu kiasi wasicho nacho, kwa kuona haya, kisha hukopa ili watimize. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga, lakini hapa mkopaji hata si bwana harusi. Maoni yetu ni kwamba mtu aweke kiasi kimoja cha michango kwa mwezi, akiandike katika daftari, na kikiisha aseme wazi kwamba kimekwisha, hata kwa mkuu wake wa kazi. Atanung'unikiwa mara mbili tatu, kisha watamzoea. Wazazi na wagonjwa hawamo katika hesabu hii. Hao wana haki yao.

Twajua watakuwapo watakaosema kwamba kosa ni mshahara mdogo, na kwamba kumfundisha karani kuhesabu chapati ni kumwondolea serikali lawama. Mshahara ni mdogo kweli, na wajibu wa chama ni kuendelea kuudai bila kuchoka. Lakini nyongeza ya shilingi 30,000 kwa mwezi, ikipatikana, kwa yule mtu wa mfano wetu haitafika nyumbani kwake. Itaishia kwa mkopeshaji, nasi tutakuwa tumekaa vikao vingi ili kumwongezea yeye mshahara.

Kwa sababu hiyo twaiomba Kamati ilete neno hili katika mkutano ujao: kwamba sehemu ya akiba ya chama itengwe kwa kuwakomboa wanachama waliokabidhi kadi zao. Tukichukulia riba ya asilimia 1 kwa mwezi juu ya deni lililobaki, shilingi 100,000 ilipwayo kwa mafungu sita yaliyo sawa hutoza riba ya 3,500 tu, ambapo kwa mkopeshaji wa mtaani, hata kwa njia tuliyoieleza, riba ni 112,440. Anayekombolewa alete kwanza daftari lake la mwezi mmoja, na kadi yake ikae kwake mwenyewe. Majina yapokewe na Mweka Hazina peke yake, yasisomwe mkutanoni, kwa kuwa walio wengi watanyamaza kuliko kusimama mbele ya wenzao.