Fanfari ya shule ku Golf: kanuni inamufunga mutoto, na shule je?

Kila mwezi wa kenda, masomo ikifungua mlango, karatasi nyingi zinaingia mu nyumba za Golf, hapa Lubumbashi. Kuko ya minervali, ya uniforme, ya vitabu. Nyumba yenye mtoto anayependa tarumbeta ao ngoma inapata karatasi ingine juu: kanuni za fanfari ya shule. Mtoto anataka sahihi leo leo. Mzazi, mwenye kuwa na mambo kumi mu kichwa, anapitisha macho, anatia sahihi, basi.

Karatasi ile ni mapatano. Ukiisoma polepole, mara nyingi utakuta kila fungu linamuhusu mtoto: mtoto atafanya hivi, mtoto hataweza kufanya vile, mtoto atalipa. Yale ambayo shule yenyewe inaahidi, huyaoni. Sisi hatusemi kanuni zipunguzwe. Fanfari bila disiplini ni kelele. Tunasema kanuni iwe na pande mbili, na mzazi aijue mbele ya kutia sahihi, si siku tarumbeta imevunjika.

Kwa nini fanfari inaomba mengi

Tuanze na haki ya mwalimu. Mu mpira wa miguu, mchezaji akikosa, mwingine anaingia. Mu fanfari haiko vile. Mwenye kupiga tromboni akikosa repetisyo mbili, sehemu yake inabaki shimo, na wote wanarudilia mwanzo sababu ya mtu moja. Tena wanapiga huku wanatembea: mstari ukipinda, mwenye nyuma anamugonga mwenye mbele, na mdomo wa shaba unaumiza meno. Njo maana kanuni ya kwanza, popote utakapoenda, ni kufika kwa saa.

Kanuni ya pili ni kutunza chombo. Tarumbeta inaomba mafuta ku vipistoni, inaomba kumwagwa mate kila wakati, inaomba kulala mu kisanduku chake na si chini ya kitanda. Ngozi ya ngoma inakataa mvua na inakataa jua la mwezi wa kumi. Pale kwetu, chombo kikiharibika, fundi wa kweli wa vyombo vya shaba si mtu unayemukuta ku kila kona, na kipande cha kubadilisha mara nyingi kinatoka inje ya inchi. Mwalimu akikataza mtoto kumukopesha mwenzake tarumbeta njiani, anajua sababu.

Kanuni ya tatu ni masomo. Shule nyingi zinasema: pointi zikishuka, unasimama kwanza. Hiyo inaeleweka. Mzazi alimupeleka mtoto shuleni juu ya bulletin, fanfari inakuja nyuma.

Jambo hili ni la zamani mu mji huu

Wasaleziani wa Don Bosco walifika Élisabethville mwaka 1911, mji ukiwa na mwaka moja tu. Mwaka uliofuata wakafungua shule ya Saint François de Sales, ile tunaita leo Collège Imara. Don Bosco mwenyewe, kule Torino, alikuwa anapanga vijana wake mu bendi za shaba, na wafuasi wake wakabeba desturi ile popote walipoenda. Kwao muziki ilikuwa njia ya kumufundisha kijana kusikiliza, kungoja zamu yake, na kutembea pamoja na wengine.

Lakini watu wazima hawakungoja wamisionere tu. Beni, ngoma iliyozaliwa ku pwani ya Kenya kwa kuiga bendi za wazungu, ilipanda na wafanyakazi na maaskari mpaka Tanganyika, Rhodesia ya Kaskazini, na Katanga pia, ambako iliitwa mbeni. Mu makundi yale mulikuwa vyeo kama vya jeshi, mulikuwa wakubwa wa kusimamia nidhamu, mulikuwa mchango. Na mchango ule ulikuwa na kazi: mwanakikundi akigonjwa ao akifa mbali na kwao, wenzake walimusaidia. Angalia hapo vizuri. Mtu alitii vyeo na alitoa falanga, na yeye pia alijua kikundi kina deni kwake.

Halafu kuko Joseph Kiwele, mtoto wa Mpala ku ziwa Tanganyika, aliyezaliwa 1912. Alikuwa mwalimu wa muziki hapa Élisabethville, akatunga misa, na wakati wa Katanga ya Tshombe akawa waziri wa elimu na akatunga wimbo wa taifa wa Katanga. Maisha yake yanaonyesha vitu viwili kwa mara moja. Muziki wa shule unaweza kumuinua mtu mbali sana. Na muziki wa shule hauko mbali na mlango wa siasa. Tutarudilia jambo hilo la pili.

Mambo ine ambayo karatasi inapaswa kusema

La kwanza ni saa. Karatasi inasema mtoto asichelewe. Na repetisyo inaisha saa ngapi? Hapa jua linaingia karibu na saa kumi na mbili ya magaribi, mwaka muzima. Mu shule za Golf hamusomi watoto wa Golf peke yao: kuko wanaotoka Kenya, Katuba, Bel-Air, wengine wanabadilisha taxi mara mbili. Repetisyo ikiisha saa kumi na moja na nusu, yule wa Golf anafika nyumbani mbele ya giza, yule wa Katuba anatembea usiku. Kanuni ya haki inaandika saa ya kuanza na saa ya kuisha, na inasema nani anabaki na watoto mpaka wa mwisho aende. Tena inasema wa darasa la mwisho wanasimamisha fanfari lini juu ya Egzeta. Kupiga 30 juni ni heshima kubwa, lakini mwezi wa sita njo mwezi wa mitihani.

La pili ni falanga. Uniforme ya gwaride, viatu vyeupe, glavu, mchango wa safari: nani analipa, na ngapi? Mu shule za serkali na za makanisa zinazotambuliwa na serkali, masomo ya msingi ni bure. Katiba ya 2006 inasema vile mu fungu 43, na tangu mwezi wa kenda 2019 serkali ilianza kuitumikisha. Shule ya namna ile haiwezi kugeuza fanfari kuwa mlango wa nyuma wa kuomba falanga. Ku sekondari, ni arete ya gouverneur njo inapanga malipo ya shule kila mwaka. Mzazi ana haki ya kuuliza kama mchango wa fanfari uko ndani ao uko inje. Shule za pekee, zile zimejaa Golf, ni mapatano kati ya shule na mzazi. Sawa, lakini mapatano yanaandikwa na bei yake, na risiti inatolewa.

Na chombo kikivunjika? Hapa njo watu wanagombana zaidi. Tarumbeta ya miaka mingi, iliyopita mu mikono mingi, inaanguka mu mikono ya mtoto moja, na anaombwa bei ya tarumbeta mupya. Hiyo si haki. Kinga yake si ngumu: kadi ya kila chombo. Siku mtoto anapokea, mwalimu anaandika hali yake: pistoni moja inakwama, mdomo una alama, kisanduku hakifungi. Mtoto anatia sahihi, mwalimu anatia sahihi. Siku ya kurudisha wanalinganisha. Aliyeangusha kwa mchezo analipa kutengeneza. Kilichochakaa kwa uzee ni kazi ya shule.

Kuna wanaosema vyombo ni vichache, kwa hiyo watoto wachache tu wenye uwezo waingie. Tukumbuke orkestra ya Kimbanguiste ya Kinshasa, ile Armand Diangienda alianzisha mwaka 1994. Mu mwanzo vyombo havikutosha watu. Walipokezana, kila mtu na dakika zake. Leo orkestra ile inajulikana inje ya Afrika. Uchache wa vyombo unaomba orodha ya zamu. Hauombi kufukuza mtoto wa maskini.

La tatu ni mwili wa mtoto. Watoto wawili wakipokezana tarumbeta moja, wanapokezana mate. Mwezi wa munane 2024 OMS ilitangaza mpox kuwa hatari ya dunia nzima, na inchi yetu ndiyo iliumizwa zaidi. Kifua kikuu nacho hakijaondoka kati yetu. Kila mtoto awe na mdomo wake wa tarumbeta kama inawezekana. Kama haiwezekani, uoshwe na maji na sabuni mbele ya kupita kwa mwingine, na mwenye kukohoa apige ngoma juma ile. Kanuni kama hii haiombi falanga nyingi. Inaomba ndoo, sabuni na mwalimu mwenye kuangalia.

Kuna pia azabu. Mtoto amechelewa: kupiga magoti mu jua? fimbo? Sheria n° 09/001 ya tarehe 10 mwezi wa kwanza 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inasema disiplini ya shule itolewe kwa namna ya kumuheshimu mtoto kama mtu. Mwalimu ana njia zingine: kumutoa ku mstari wa mbele, kumuachisha safari moja, kumupa kazi ya kusafisha vyombo, kumuita mzazi. Na zaidi ya mwalimu, tuangalie wakubwa wa fanfari ambao ni wanafunzi. Mtoto wa miaka 16 mwenye batoni mu mkono anaweza kumutesa wa miaka 11 kuliko mtu mzima. Karatasi iseme mukubwa ule anaweza kuamuru nini, na wapi amri yake inaishia.

La ine ni kutoka inje. Fanfari ya shule inaitwa ku 30 aprili, siku ya elimu. Inaitwa ku ndoa, ku kilio, ku ufunguzi wa duka. Inaitwa mukubwa fulani akitelemuka ku uwanja wa ndege. Watoto wanasimama tangu asubuhi, mugeni anafika saa nane, na siku ya kalasi imepotea. Kama kuko falanga ilitolewa, watoto hawaambiwe ngapi. Kanuni ya pande mbili inasema: mzazi ajulishwe mbele kwa maandishi, maji na chakula viwe, siku za kalasi zisipite hesabu fulani kwa trimestri, falanga inayoingia iandikwe mu kitabu na itumike ku vyombo. Na hapa njo tunarudilia ule mlango wa siasa: sikukuu ya inchi ni ya wote, lakini kampanye ya chama si kazi ya mtoto mwenye uniforme ya shule. Karatasi iseme hivyo kwa wazi, ili mwalimu naye awe na kitu cha kuonyesha akisukumwa.

Nani anamusikiliza mtoto?

Kanuni nzuri bila mahali pa kulalamika inakufa mu droo. Tutazame jirani. Nairobi kuko Starehe, shule iliyoanzishwa 1959 kwa ajili ya vijana wasio na uwezo, na bendi yake inajulikana sana Kenya. Nidhamu ya pale ni kali, na wanafunzi wenyewe wanasimamia sehemu kubwa. Lakini shule ile ilikuwa pia na desturi ya baraza: wanafunzi wanakusanyika na mukubwa wa shule, na kijana anaweza kusimama kuuliza ao kulalamika mbele ya wote. Ukali ule unabebeka kwa sababu kuko mahali ambapo mukubwa pia anajibu.

Kwetu kamati ya wazazi, COPA, iko tayari mu shule. Haiombi kuunda kitu kipya. Inatosha fanfari iwe na saa moja mu mkutano wa mwanzo wa mwaka: mwalimu wa muziki asome karatasi kwa sauti, wazazi waulize, wanafunzi wawili wasemee wenzao, halafu sahihi. Mwisho wa trimestri, kitabu cha falanga na kadi za vyombo zifunguliwe.

Kuna mwalimu atakayesema hayo yote yatamufunga mikono. Kwa kweli yatamukinga. Mwalimu wa muziki mara nyingi ni mtu peke yake: prefe anamutaka ashinde mashindano, wazazi wanamuuliza juu ya pointi, mukubwa wa mji anataka fanfari kesho asubuhi. Karatasi yenye pande mbili inamupa neno la kusema hapana.

Mapatano ya Umoja wa Mataifa juu ya haki za mtoto, ambayo inchi yetu iliyakubali mwaka 1990, yanaweka mu fungu moja, la 31, haki ya kupumzika na kucheza pamoja na haki ya kushiriki mu mambo ya sanaa na utamaduni. Haikutenganisha.

Kwa hiyo mzazi, karatasi ikifika nyumbani mwaka huu, usiikatae na usiitie sahihi ukiwa mlangoni. Keti na mtoto. Muulize: mnamaliza saa ngapi? Chombo kile kiko na hali gani leo? Mkienda kupiga, nani anawapa maji? Kama karatasi haijibu, andika swali lako chini ya sahihi yako, kwa kalamu ile ile, na bakisha kopi nyumbani.