Kabla Njia Nne Hazijafika Vwawa

Ndugu zangu wa Vwawa,



Picha mliyotuma kwenye kikundi cha ukoo nimeiona. Ile nafasi iliyokuwa imebaki kati ya lami na maduka, wanakopita akina mama na mizigo kichwani na wanafunzi wakitoka shule, sasa ina fremu mpya. Bati linang'aa, milango imekwishapakwa rangi, na chini ya picha mmeandika kwamba mji unakua. Mkapongezana hadi usiku. Mimi sikuweza kupongeza. Nimekaa na hasira siku kadhaa, na naona ni heri niwaandikie kuliko kunyamaza.

Mji unakuaje wakati mtu wa miguu hana pa kupita? Kushoto kwake fremu, kulia kwake lori lenye shaba ya Kongo linakimbilia Dar es Salaam, mbele yake bodaboda wamepanga pikipiki, na chini ya miguu yake ni mtaro usio na mfuniko. Mwanamke mwenye mtoto mgongoni aingie wapi? Anaingia barabarani. Ndivyo tulivyozoea, na kuzoea huko ndiko kunakoniuma.

Niwaeleze ninayoyaona huku, si kwa kuwaringia. Naishi Denver, jimbo la Colorado, mji wa nyanda za juu kama sisi: mita 1,609 kutoka usawa wa bahari, hata upepo wake wa jioni mtu wa kwetu Mbozi anautambua. Kuanzia Aprili hadi mwisho wa Septemba huku ni msimu wa besiboli. Ni mchezo wa gongo na mpira mdogo mgumu, unakwenda taratibu, na ukiutazama kwa macho ya Simba na Yanga utasinzia. Timu ya mji inaitwa Colorado Rockies, na kila msimu inacheza nyumbani michezo 81. Uwanja wake, Coors Field, haukupelekwa porini. Ulifunguliwa mwaka 1995 kwenye Mtaa wa Blake, katikati ya maghala ya matofali ya zamani karibu na reli, sehemu iliyokuwa imechakaa. Wananchi wa kaunti sita walipiga kura mwaka 1990 wakakubali kukatwa senti moja kwa kila dola kumi za manunuzi ili ujengwe.

Jioni ya mchezo, kama siko zamu, huwa nakwenda kutembea tu mjini. Tiketi sinunui mara nyingi. Natokea stesheni ya treni, Union Station, nakata Mtaa wa Wazee (ndilo jina lake kweli), nafuata watu. Familia nzima zinatembea. Watoto wamekaa mabegani kwa baba zao, mabibi wanashikana mikono, mlemavu anaendesha kiti chake cha magurudumu mwenyewe bila kusukumwa na mtu, kwa sababu kila penye kona ukingo wa njia umeshushwa hadi usawa wa barabara. Karibu na uwanja kuna watu wanauza karanga na maji kwenye hiyo hiyo njia ya miguu. Hawajabanwa wala hawajambana mtu. Njia ni pana: muuzaji yupo, mnunuzi anasimama, na mpita njia anapita.

Na msidhani watu wanajaa kwa kuwa timu inashinda. Mwaka 2025 Rockies walipoteza michezo 119 kati ya 162. Karibu kila siku walikuwa wanachapwa! Hata hivyo zaidi ya watu milioni 2 waliingia uwanjani mwaka huo, na mitaa ile ikaendelea kuchangamka, migahawa ikauza, vijana wakapata kazi. Ninaamini mtu yuko tayari kutoka nyumbani kwenda kuangalia timu mbovu iwapo safari yenyewe ya kwenda kuiangalia ni raha.

Sisi tunaupenda mpira kuliko hawa wanavyoipenda besiboli. Siku ya fainali ya ndondo Vwawa inahamia uwanjani, kuanzia Ilolo hadi Ichenjezya. Lakini tazameni tunavyokwenda na kurudi: msururu wa watu ukingoni mwa lami, jioni, giza linaingia, taa za malori zikitupiga usoni. Watoto tunawaburuta kwa mkono huku tukiwapigia kelele. Furaha yote inaishia getini.

Sasa niseme lililonikaa moyoni. Baba mdogo alipofariki, sikuweza kuja. Makaratasi yangu hayakuwa tayari, nauli haikuwepo, na hata vingekuwepo nisingemkuta. Nilitazama mazishi kwenye simu, huku ni usiku wa manane. Mlimbeba kutoka nyumbani kwenda kanisani kwa kufuata barabara kuu, na niliwaona wabeba jeneza wakijibana mtu nyuma ya mtu, mguu mmoja kwenye lami na mwingine kwenye changarawe, na lori likawapigia honi. Likawapigia honi watu wenye jeneza! Mbebaji wa nyuma akayumba. Mzee aliyefundisha nusu ya mji wetu kusoma hakupata upana wa mita mbili wa kupitishwa kwa heshima. Nilipaswa kuwa mmoja wa waliobeba, najua. Ninalijua hilo kila siku ninayoamka huku.

Kwa hiyo naomba jambo moja. Sitaki kusikia habari ya uwanja mkubwa wa mkoa, wala mnara, wala lango la kukaribishia wageni. Nataka njia ya waenda kwa miguu, pande zote mbili za barabara kuu, kutoka stendi hadi sokoni, hadi hospitali, hadi uwanja wa mpira. Upana usiopungua mita mbili na nusu, mtaro ufunikwe uwe sehemu ya njia, taa ziwekwe, na ukingo ushushwe penye kuvukia. Akina mama wa ndizi na parachichi wapangiwe sehemu yao upande wa ndani wa njia hiyo, ijulikane, wasifukuzwe kila mgeni mkubwa anapopita.

Mtaniambia Marekani wana fedha. Sikilizeni. Denver hii hii ina mitaa mingi isiyo na njia ya miguu. Kwa miaka mingi sheria ilimwachia mwenye nyumba jukumu la njia iliyo mbele ya nyumba yake. Mwenye uwezo akatengeneza, asiye na uwezo akaacha, mkongojo wa mzee ukawa unakwama kila baada ya nyumba mbili. Novemba 2022 wakazi wenyewe wakapeleka hoja kwenye kura na ikapita: kila mwenye nyumba achangie, mji ujenge na utunze. Tangu 2025 nyumba nyingi za kawaida zinalipa dola 150 kwa mwaka. Wapo walionung'unika, na bado wanalipa.

Na ninyi mnalipa tayari. Kodi ya majengo mnakatwa kwenye LUKU tangu Agosti 2021. Nyumba ya kawaida ilianza na shilingi 1,000 kwa mwezi, mwaka 2023 ikapanda hadi 1,500. Mnanunua umeme, mnaona tokeni zimepungua, mnaguna, yanaisha. Nani amewahi kusimama kwenye mkutano wa mtaa akauliza ile hela ya Vwawa imejenga nini Vwawa? Ninachodai ni shilingi 500 katika hizo 1,500. Zitengwe kwa ajili ya njia za miguu za mji uliozilipa, na kila robo mwaka hesabu ibandikwe kwenye mbao za matangazo za kata. Diwani alipeleke kwenye baraza, mbunge alipeleke Dodoma. Si jambo la kuhitaji mfadhili.

Haraka yangu ina sababu. Barabara ya njia nne imeshaanza kujengwa Mbeya, kati ya Nsalaga na Ifisi, na mpango wa Serikali ni kupanua barabara kuu yote inayopita kwetu, kutoka Igawa hadi Tunduma. Ni jambo jema, malori yanahitaji nafasi. Lakini barabara ikishapanuliwa katikati ya Vwawa bila njia ya miguu kwenye michoro, lori litazidi mwendo na mtu wa miguu atavuka upana mara mbili. Kuidai wakati huo tutakuwa tumechelewa. TANROADS waulizwe sasa, kwa barua yenye mihuri ya mitaa, njia yetu ya miguu iko wapi kwenye mchoro.

Sisi ni makao makuu ya mkoa tangu 2016. Kahawa yetu inanywewa mbali. Wageni wanaokwenda Ndolezi kuangalia Kimondo, bonge la chuma kutoka angani, hawashuki Vwawa. Washuke watembee wapi?

Najua yupo atakayesema, huyu amekimbia, sasa anatufundisha kutembea. Hilo limenifikia zamani. Nimeondoka, ni kweli, na hela ninayotuma haizibi nafasi ya mtu. Lakini miguu niliyo nayo ilijifunzia kwenye vumbi hilo hilo, na hakuna jioni ninayopita Mtaa wa Blake bila kumtafutia mama nafasi katika umati ule, ningemshika mkono upande gani, tungepumzika wapi.

Kaka, wewe una futi kamba. Jumapili baada ya ibada wachukue vijana wawili mpime kutoka ukingo wa lami hadi ukuta wa kwanza, kuanzia stendi hadi hospitali, na kila palipobaki pungufu ya mita mbili na nusu paandikwe na papigwe picha. Majina ya wenye fremu msiandike, ni ndugu zetu na wana mikopo, vipimo vinatosha. Nitumieni. Mchoraji nitamlipa mimi, na nauli ya watakaopeleka barua pia. Na mpaka hapo, mama asiende sokoni kwa miguu hata akikataa. Mwenye bajaji nitamtumia hela yake ya mwezi mzima.