Kanyosha Inaliwa na Mto: Nani Ajifunge Kibwebwe?

Mrundi wa kawaida ni miongoni mwa watu wanaochafua hewa kidogo kuliko wote duniani. Hewa ya ukaa inayotokana na mafuta na viwanda nchini Burundi, ukiigawa kwa kila raia, haifiki hata moja ya kumi ya tani kwa mwaka, ilhali wastani wa dunia unapita tani 4. Kwa hiyo anayekuja na semina Kanyosha, kusini mwa Bujumbura, akawahimiza wakazi wapunguze safari za ndege na waache kununua nguo mpya kila mwezi, anawatwika watu mzigo usio wao. Nguo za hapa ni za mitumba. Chupa ya maji ikishanywewa hujazwa mafuta ya mawese, na sufuria iliyotoboka hupelekwa kwa fundi. Kutokutupa ovyo ni jambo ambalo watu wa hapa walilijua zamani, kwa sababu hali yenyewe iliwafundisha.

Hata hivyo Kanyosha inamomonyoka. Mto wenye jina hilohilo hutelemka kutoka milima iliyo mashariki mwa jiji, hupita katikati ya makazi na kumwagika Ziwa Tanganyika. Safari yake ni fupi na mteremko wake ni mkali. Ziwa liko kwenye mita 770 na ushei juu ya usawa wa bahari, na mlima Heha, ulio mrefu kuliko yote nchini, unapita mita 2,600 bila kuwa mbali na jiji. Mvua ikinyesha huko juu kwa saa mbili, maji hufika chini yakiwa na udongo, mawe na magogo. Ukingo hukatika wima. Mwenye nyumba iliyojengwa mbali kidogo na mto hukuta, baada ya misimu kadhaa ya mvua, choo kimekwenda na ukuta wa jikoni umebaki ukining'inia juu ya korongo.

Mwaka 1987 tume ya Umoja wa Mataifa iliyoongozwa na Gro Harlem Brundtland ilieleza kuwa maendeleo endelevu ni yale yanayotimiza mahitaji ya watu wa leo bila kuwanyima watu wa kesho uwezo wa kutimiza ya kwao. Ni maelezo mazuri. Ila Kanyosha hatuna haja ya kungoja kizazi kijacho ili tumwone anayenyimwa: ni jirani wa chini, mvua ya wiki hii. Ndiyo maana nasema hapa tusimpime mtu mmoja mmoja nyumbani kwake. Tuwapime kwa pamoja watu wote ambao maji yao huishia kwenye korongo moja.

Tuanze na mchanga. Kiangazi, maji yakipungua, vijana hushuka mtoni na masululu na mabeleshi. Kina mama huketi kando ya marundo ya mawe wakiyaponda kwa nyundo, jiwe kwa jiwe, hadi yawe kokoto, na watoto mgongoni. Malori hushuka mpaka karibu na maji, hupakia na kuondoka. Bujumbura imejengwa kwa mawe na mchanga wa mito yake: Ntahangwa, Muha, Kanyosha na mingineyo. Lakini mawe makubwa ndiyo breki ya mto. Yakiondolewa, maji hushika kasi, sakafu ya mto hushuka, na ukingo huliwa kutoka chini mpaka sehemu ya juu inakosa pa kuegemea na kuporomoka.

Serikali imewahi kusimamisha uchimbaji huo zaidi ya mara moja. Amri hutoka, kazi hutulia, kisha malori hurudi. Wanaotetea marufuku wana haki ya kusema kwamba lori moja la mawe haliwezi kufidia nyumba iliyoanguka. Wachimbaji nao wana haki ya kuuliza watakula nini. Mimi naona tatizo limetazamwa kwa upande mmoja tu. Anayekamatwa ni mponda kokoto; anayejenga ghorofa haulizwi mchanga wake umetoka wapi. Na mto wenyewe hauko sawa mahali pote. Huko juu na katikati, penye mteremko, kila jiwe lina kazi yake na liachwe. Karibu na ziwa, ambako ardhi ni tambarare, mto huchoka na kutua mchanga, njia yake huziba na maji hupanda kwa watu. Pale kuchimba ni msaada. Wachimbaji wangepewa maeneo hayo, yenye mipaka inayojulikana, na kila lori likatoka na hati ya mahali lilipopakia, riziki ingebaki na ukingo ungepona kwa kiasi kikubwa.

Kuna maji mengine ambayo hayazungumzwi sana, nayo ni yale yanayotoka juu ya mabati yetu. Chukua paa la mita za mraba 60 na mvua ya milimita 20, mvua ya kawaida kabisa ya alasiri. Hizo ni lita 1,200, yaani mapipa sita ya lita 200. Mapaa mia moja yakimwaga maji hayo kwenye kichochoro kimoja, kichochoro hugeuka mfereji, na mfereji hugeuka korongo jipya. Ushauri unaotolewa kila mahali ni kuchimba shimo, kulijaza mawe na kuyaacha maji yazame. Kwenye ardhi tambarare ushauri huo ni sahihi. Lakini ukichimba shimo hilo mita chache kutoka ukingoni, maji yatalowesha udongo kwa ndani na kipande kizima kitateleza kuingia mtoni, pengine pamoja na nyumba ya aliyechimba.

Hapo ndipo unaona udhaifu wa kumwambia kila mtu afanye lake. Karibu na ukingo, dawa ni mfereji wa mawe na saruji unaoyashika maji na kuyashusha taratibu mpaka chini kabisa. Mfereji kama huo hupita kwenye viwanja vinne au vitano. Mmoja akikataa, au akiishia njiani kwa kukosa saruji, waliobaki wamepoteza fedha zao. Nyumbakumi anaweza kuwakutanisha watu. Kazi za Jumamosi za jamii zinaweza kuleta nguvu za kuchimba, na Warundi wanaijua ikibiri, desturi ya kulimiana mashamba kwa zamu. Lakini saruji, ramani na mhandisi wa kusema mfereji upite wapi ni wajibu wa jiji. Sheria ya maji ya mwaka 2012 iliacha mita 25 kando ya mito inayoingia Ziwa Tanganyika na mita 150 kando ya ziwa lenyewe. Walionunua viwanja ndani ya mita hizo waliuziwa na mtu, na wengi wao walitoa akiba yao yote. Kuwaondoa bila kuwaonyesha pa kwenda ni kuuhamishia umaskini kwenye mteremko mwingine.

Mkaa ni habari tofauti, na hapa nakubaliana na wanaosema tuanzie nyumbani. Zaidi ya asilimia 90 ya nishati inayotumika Burundi hutokana na kuni na mkaa. Kwa tanuri la kienyeji, kilo moja ya mkaa huweza kula kilo 6 hadi 10 za kuni. Si kila gunia linaloingia Kanyosha limekatwa kwenye milima inayotumiminia maji, lakini kila gunia limeacha mlima fulani uchi. Anayenunua mkaa kwa kopo, kwa kuwa hana fedha ya gunia, hulipa zaidi kwa kila kilo. Jiko lenye udongo wa kuchoma ndani, la aina iliyoenea Kenya tangu miaka ya 1980, hupunguza mkaa kwa thuluthi moja au zaidi. Maharage yakilowekwa usiku kucha na kupikwa chungu kikiwa kimefunikwa huiva mapema. Faida hiyo mama wa nyumbani huiona mfukoni mwake wiki hiyohiyo, bila kumngoja jirani wala kiongozi.

Mifuko ya plastiki ilikuwa kinyume chake. Hakuna mchuuzi aliyeweza kuiacha peke yake huku wa meza ya pili akiigawa bure. Rwanda ilipiga marufuku mwaka 2008, Kenya 2017. Burundi ilitia saini amri yake Agosti 2018, ikatoa miezi 18 ya kujiandaa, na amri ikaanza kutumika Februari 2020. Siku ile wote walibanwa pamoja, kuanzia mwagizaji. Kwa mchanga na maji ya mvua tunahitaji ubano wa namna hiyohiyo.

Najua wapo watakaosema tishio kubwa ni ziwa lenyewe, lililopanda hadi Aprili 2024 serikali na Umoja wa Mataifa wakaomba msaada kwa ajili ya walioathirika. Wengine huongeza kwamba udongo wa mito yetu ndio uliolijaza. Ziwa lenye kina kinachofikia mita 1,470 halijazwi na udongo wa Kanyosha. Lilipandishwa na mvua nyingi katika bonde lake lote, na maji yake yana mlango mmoja tu wa kutokea, mto Lukuga kule Kalemie. Udongo wetu una madhara mengine: huchafua maji ya pwani ambako samaki huzaliana, katika ziwa lilelile ambamo REGIDESO, shirika la maji, huvuta maji tunayokunywa mjini.

Mvua hurudi Septemba. Nawaomba viongozi wa jiji watumie kiangazi kinachokuja kuweka alama mahali mchanga unapochimbwa na mahali usipoguswa, na wapeleke mhandisi mmoja na shehena ya saruji kwenye kila mtaa ulio ukingoni. Nawe unayeishi juu ya korongo, mwite jirani yako wa chini kabla hujachimba chochote.