Mtoto akianza kuunga waya mezani, mzazi aangalie nini?

Fikiria nyumba moja Kisondela, wilayani Rungwe, likizo fupi ya Aprili. Mvua imenyesha tangu alfajiri, nguo hazikauki, na sakafu ya sebuleni ina unyevu. Kijana wa kidato cha tatu ametandaza kompyuta mbili juu ya meza. Moja ni ya zamani na imekufa. Nyingine ni ndogo, ya mtumba, mjomba wake ameileta kutoka Mbeya.

Ndani ya ile iliyokufa kuna hadi diski, kile kisanduku bapa cha chuma kinachotunza picha na nyaraka. Humo zimo picha za bibi yake aliyefariki mwaka jana, na hakuna nakala nyingine. Kijana anataka kuihamishia kwenye kompyuta ndogo, lakini kasha lake ni jembamba na diski haiingii. Ameamua ikae nje, juu ya kibao. Waya wa umeme wa ndani haufiki huko, kwa hiyo anataka kutengeneza mrefu kwa mikono yake.

Mama anasimama mlangoni, anaangalia nyaya zilizochunwa.

“Mwanangu, hiyo kazi haitakuua?”

“Hapana, mama. Ni volti 12 tu. Haziwezi kumpiga mtu.”

Kijana amesema kweli, lakini ni nusu ya ukweli. Mama asiyejua nusu iliyobaki ana njia mbili: kukataza kila kitu, au kuruhusu kila kitu. Zote mbili zina hasara.

Waya wenyewe

Waya wa umeme unaorefushwa na kijana huyu una nyuzi nne. Wa njano hubeba volti 12, mwekundu hubeba volti 5, na weusi wawili hurudisha umeme. Diski kubwa za kompyuta za mezani hutumia volti zote mbili. Zile ndogo za kompyuta mpakato kwa kawaida hutumia volti 5 peke yake.

Kwa mtu mwenye ngozi kavu, umeme huu haupigi. Hatari yake ni joto. Diski kubwa inapoanza kuzunguka inaweza kuvuta ampia 2 hivi kwenye waya wa njano. Kijana akitumia nyuzi nyembamba za chaja ya simu iliyokatika, zinaweza kupata moto, plastiki ikayeyuka na waya zikagusana. Meza ikiwa na kitambaa, moto unaweza kuanzia hapo. Waya wa kurefushia uwe na unene ule ule wa waya wa awali au zaidi. Kila kiungo kilehemiwe na kifunikwe peke yake. Kusokota kwa vidole na kuzungushia gundi ya karatasi hakutoshi.

Rangi nazo zina maana. Njano ikiungwa na nyekundu, volti 12 zinaingia mahali panapotaka 5, na diski inaweza kuungua papo hapo. Ndiyo maana waya mpya hupimwa kwa mita kabla ya diski kuchomekwa: njano na nyeusi isome 12, nyekundu na nyeusi isome 5.

Kuna waya wa pili, wa kupitisha data. Huo usitengenezwe nyumbani. Ule wa aina ya Sata, unaotumika katika kompyuta nyingi, huuzwa madukani na unaweza kufika urefu wa mita 1.

Kasha lenye hatari

Nusu ya ukweli ambayo kijana hakuisema imo ndani ya kasha la chuma ambalo nyaya hizo zinatokea. Mafundi huliita pawa saplai. Linapokea volti 230 kutoka ukutani na kuzipunguza. Ndani yake kuna vifaa vinavyofanana na vikopo vidogo, vinavyoitwa kapasita, ambavyo hutunza umeme. Hata plagi ikishachomolewa, vinaweza kubaki kwa muda na zaidi ya volti 300. Umeme huo unaweza kuua.

Kijana anayetaka waya mrefu hushawishika kufungua kasha hilo ili aunge kuanzia kwenye shina. Hapo ndipo mzazi aweke mpaka: pawa saplai haifunguliwi nyumbani. Waya hurefushwa upande wa ncha, nje ya kasha, plagi ikiwa imechomolewa ukutani.

Mvua za Rungwe zinaongeza jambo moja. Ngozi iliyolowa hupitisha umeme kwa urahisi zaidi kuliko ngozi kavu. Mtoto aliyetoka kufua, anayetembea peku kwenye sakafu yenye maji, asishike plagi wala soketi.

Mtu akinaswa na umeme, usimshike. Zima swichi kuu kwanza. Ikishindikana, simama mahali pakavu na umsukume mbali na waya kwa mti mkavu. Asipopumua, anayejua kukandamiza kifua aanze mara moja wakati wengine wanatafuta usafiri. Palipoungua papozwe kwa maji yanayotiririka kwa dakika 20, baada ya umeme kuzimwa. Usipake dawa ya meno wala mafuta. Hata kidonda kikiwa kidogo, apelekwe hospitali, kwa sababu umeme huweza kuunguza ndani ya mwili na kuvuruga mapigo ya moyo bila ngozi kuonyesha.

Meza ya kulia

Waya wa kulehemu unaotumiwa na mafundi wengi huwa na madini ya risasi, mara nyingi asilimia 40 hivi. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kwenye damu kinachojulikana kuwa salama. Watoto wadogo ndio huumia zaidi, kwa sababu risasi huathiri ubongo unaokua. Mama mjamzito naye akae mbali.

Katika kulehemu, risasi huingia mwilini zaidi kwa njia ya mikono na vumbi: kijana analehemu, anashika kipande cha ndizi, anakula. Mdogo wake anatambaa chini ya meza, anaokota kipande cha waya na kukitia mdomoni. Moshi unaoonekana unatokana na utomvu uliomo kwenye waya huo, na unaweza kuamsha pumu. Kwa hiyo kazi ifanyike karibu na dirisha lililo wazi, kwenye meza isiyoliwa chakula. Baadaye meza ifutwe kwa kitambaa chenye maji na mikono ioshwe kwa sabuni.

Kasha la kompyuta likiwa wazi, kuna pia betri bapa yenye ukubwa wa sarafu. Ikimezwa na kukwama kooni, inaweza kuunguza njia ya chakula ndani ya saa 2. Mtoto akiimeza, au ukishuku ameimeza, usimtapishe. Mpeleke hospitali mara moja. Kama amezidi mwaka 1 na anaweza kumeza, mpe njiani vijiko 2 vya chai vya asali kila dakika 10, visizidi mara 6. Usichelewe kuondoka kwa ajili ya kutafuta asali.

Mpaka wa mama

Turudi kwa mama wa Kisondela. Akikataza kabisa, kijana atasubiri siku mama yuko shambani, afanye akiwa peke yake na wadogo zake. Akiruhusu bila masharti, huenda pawa saplai ikafunguliwa kabla ya jioni.

Anachoweza kusema ni hiki: “Hapa nyumbani hutafungua hilo kasha. Jumatatu twende wote Tukuyu kwa fundi. Utaunga wewe, yeye akikuangalia, na hatuchomeki diski mpaka apime.”

Fundi ana mita, waya wenye unene unaofaa, na mirija ya plastiki inayosinyaa ikipashwa moto ili kufunika viungo. Diski ikiwaka, kazi ya kwanza ni kunakili picha za bibi kwenye flashi mbili, moja ikae kwa mjomba. Mambo mengine ya kompyuta yafuate baadaye.

Kabla ya kuondoka nyumbani, mama afanye jambo moja zaidi: aitafute ile betri ya sarafu ya kompyuta iliyokufa, aifunge kwa gundi ya karatasi pande zote mbili, na aiweke mahali ambapo mdogo wa mwisho hafiki.